Lindo la Muuguzi



Kila mwaka, tarehe 12 Mei, ulimwengu huadhimisha Siku ya Wauguzi. Hotuba husomwa, nyimbo huimbwa, na wauguzi husifiwa kwa moyo wao wa kujitolea. Sifa hizo wanazistahili. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo wengine wao huvaa sare na kuingia zamu ya usiku, na ni nadra mtu kuwauliza swali moja dogo: Je, umelala?

Swali hilo ndilo kiini cha mazungumzo ya leo, nalo linawahusu hasa askari jeshi na polisi. Mlinzi na muuguzi ni watu wa kazi moja, ingawa mmoja hushika bunduki na mwingine hushika sindano. Wote wawili hukesha ili wengine walale. Na siku askari anapojeruhiwa, uhai wake huwa mikononi mwa mtu ambaye huenda amekesha kuliko yeye.

Mfano ulio wazi ni Wilaya ya Rusizi, katika ile Cyangugu ya zamani, kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda. Ng'ambo ya mto ni Bukavu, na mpakani watu hupita kwa maelfu. Hospitali za wilaya ni mbili, Gihundwe na Mibilizi. Humo huingia mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye malaria kutoka bonde la Bugarama, na majeruhi wa pikipiki kutoka Kamembe. Mgonjwa akizidi uwezo wa hospitali ya wilaya, hupakiwa katika gari la wagonjwa na kuvushwa msitu wa Nyungwe hadi Huye, safari ya zaidi ya kilomita 100 yenye kona na ukungu. Anayeketi kando ya mgonjwa huyo usiku kucha, mkono mmoja ukishika dripu, ni muuguzi.

Asubuhi muuguzi hurudi nyumbani. Jua limekwisha kupanda, bati la nyumba linapata moto, watoto wanataka uji, na jirani amekuja kusalimia. Akipata usingizi wa saa tatu au nne ana bahati. Jioni zamu inamsubiri tena.

Wako wanaosema kwamba mwili huzoea. Wataalamu wanasema vingine. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Saa hiyo hufuata mwanga wa jua. Giza likiingia, ubongo huamrisha homoni ya usingizi itolewe. Kukipambazuka, amri hiyo hubatilishwa. Mtu anayelala mchana anashindana na saa hiyo, na watu wengi hawaishindi hata baada ya miaka mingi ya zamu. Usingizi wa mchana huwa mfupi na mwepesi, na deni lake hulimbikizwa siku hata siku.

Deni hilo hulipwa na nani? Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uangalifu sawa na mtu aliyekunywa pombe. Hakuna ofisa wa polisi atakayemruhusu dereva mlevi kuendesha basi. Hata hivyo, jamii humwacha muuguzi aliyechoka kiasi hicho hicho apime dozi ya mtoto mchanga saa kumi alfajiri. Huko Marekani, uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba muuguzi anayefanya kazi zaidi ya saa 12 na nusu kwa mfululizo hukaribia makosa mara tatu zaidi. Makosa hayo hayatokani na uzembe wala ujinga. Yanatokana na ubongo uliokosa chakula chake.

Lakini hasara haiishii wodini. Ukosefu wa usingizi huanza kwa hasira ndogo ndogo, mtu kufoka kwa jambo la kipuuzi. Kisha huja usahaulifu, kukata tamaa, na moyo kuwa mzito bila sababu inayoonekana. Usingizi na akili ni kama mapacha. Mmoja akiugua, mwenzake hasalimiki. Mwenye huzuni mara nyingi hukosa usingizi, na akosaye usingizi kwa muda mrefu hukaribisha huzuni. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2019, liliutambua rasmi uchovu wa kupindukia unaoletwa na kazi. Haliuiti ugonjwa, bali linauhesabu kuwa hali inayoweza kumfikisha mtu hospitalini akitafuta msaada.

Wauguzi wa Rusizi wana mizigo mingine juu ya huo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi liliua makumi ya watu katika Rusizi na Nyamasheke, na majeruhi wakajaa hospitalini. Mwezi Juni 2020, sehemu nyingine za nchi zilipokuwa zikifunguliwa, Rusizi ilibaki imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwaka 2024 virusi vya Marburg vilipozuka nchini, wengi wa wagonjwa 66 waliothibitishwa walikuwa watumishi wa afya, na watu 15 walifariki. Kila muuguzi nchini alijua kwamba huyo aliyekufa angeweza kuwa yeye. Na kila mwezi Aprili, taifa linapokumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, huletwa watu walioshikwa na ihahamuka, yaani kumbukumbu za kutisha zinazorudi kana kwamba jambo linatendeka sasa. Baadhi ya wauguzi wanaowapokea walipitia mateso yale yale. Humtuliza mwingine huku nafsi zao zenyewe hazijatulia.

Hapa ndipo majeshi yanapoweza kutoa somo na pia kulipokea. Somo la kutoa ni hili: jeshi lilijua zamani kwamba macho ya mwanadamu yana kikomo. Ndiyo maana lindo hubadilishwa. Kamanda mwenye busara hamwachi mlinzi mmoja langoni kutoka magharibi hadi asubuhi kisha akashangaa adui alipitaje. Hospitali nazo zinahitaji utaratibu huo. Shirika la Kazi Duniani lilishauri tangu mwaka 1977 kwamba siku ya kazi ya muuguzi, pamoja na saa za ziada, isizidi saa 12. Rwanda nayo ilianzisha mwaka 2023 mpango wa kuongeza idadi ya watumishi wa afya mara nne katika miaka minne. Hatua hiyo ni ya kupongezwa, kwa maana zamu haiwezi kufupishwa pasipo mtu wa kuipokea.

Somo la kupokea ni gumu zaidi. Katika kambi na vituo vya polisi bado iko fikra kwamba kulala ni udhaifu na kukesha ni ushujaa. Wapo wanaotafuta usingizi ndani ya chupa. Pombe humlaza mtu upesi, kisha humwamsha katikati ya usiku akiwa amechoka kuliko mwanzo. Kahawa nayo, ikinywewa mwisho wa zamu, hubaki damuni saa nyingi na kuufukuza usingizi uliokuwa ukingojwa. Afadhali kahawa inywewe mwanzo wa zamu. Mtu alale kidogo kabla ya kuingia kazini. Chumba kitiwe giza kwa pazia zito. Na watu wa nyumbani waelezwe kwamba usingizi wa mchana wa mkesha ni sehemu ya kazi yake.

Na pale ambapo usingizi umekimbia kwa majuma kadhaa, au ndoto mbaya zinarudi, au maisha yanaonekana hayana maana, mtu asinyamaze. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Hospitali za wilaya zina watumishi wa afya ya akili. Kwenda kwao si aibu, kama vile si aibu kumpelekea fundi bunduki inayokwama. Aibu ni kuipeleka mbovu mstari wa mbele.

Wakuu wa vikosi na waganga wakuu wana wajibu mmoja: kuhesabu saa za usingizi za watu wao kwa makini kama wanavyohesabu risasi na dawa. Na askari atakayefika wodini usiku akiwa na maumivu, akamkuta muuguzi mwenye macho mekundu na maneno machache, asimhukumu haraka. Huyo ni mlinzi mwenzake, naye huenda bado anasubiri wa kumpokea lindo.