Chumba cha Mtoto si Stoo

Leo nazungumza na wazazi waliohamia nyumba mpya, au walio mbioni kuhamia, kuanzia Kibiti mjini hadi Bungu na Jaribu Mpakani, pamoja na ndugu zetu wa Salale, Mbwera na Kiongoroni kule delta ya Rufiji. Nina swali moja tu kwenu: mtoto wako wa miaka miwili analala wapi?

Nauliza kwa sababu nyumba zinazoota siku hizi pembeni ya barabara ya Kilwa karibu zote zina chumba ambacho mwenye nyumba atakuonyesha kwa kidole na kusema, "Hiki cha mtoto." Sukuma mlango. Utakuta magunia ya korosho yamepandana hadi usawa wa dirisha. Pembeni kuna bomba la kupulizia dawa, mabati mawili yaliyobaki kwa fundi, na mfuko wa salfa ya msimu uliopita, umefungwa kwa kamba, lakini unga wake wa manjano tayari uko sakafuni. Dirisha halina wavu, limezibwa kwa turubai. Mwenye chumba yuko chumba cha pili, kifuani kwa mama yake. Na mimi nasema afadhali abaki hukohuko.

Tena si kwamba sisi wa huku ni wageni wa kuhama. Wazee wetu wa bonde la Rufiji walihama kila msimu wa mpunga. Mama alibeba mtoto wake wa mwisho, wakaenda shambani kukaa kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti, kulinda mpunga usiliwe na ndege wala kuvurugwa na nguruwe na viboko. Mtoto alilala juu kule, maji yakipita chini. Halafu yakaja mafuriko ya mwaka 1968, na mwaka uliofuata serikali ikawatoa watu bondeni na kuwapeleka vijiji vya ujamaa kwenye nchi ya juu. Na Aprili 2024 wote tuliona: mashamba yamezama, nyumba zimeanguka Rufiji na Kibiti, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, analiambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchi nzima. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei, Kimbunga Hidaya kikapiga Mafia, hapo jirani. Wako wanaolaumu El Nino, wako wanaolaumu maji yaliyofunguliwa kwenye Bwawa la Julius Nyerere. Mjadala huo una siku yake. Ninachotaka kusema ni kwamba nyumba nyingi mpya zimejengwa na watu ambao hawakupenda kuhama, na watoto wao walishalala sehemu nyingi kabla ya kufika hapo.

Sasa mtoto huyo ukimpa chumba chake, kuna jambo ambalo wajenzi wengi hawalifikirii. Nyumba ya zamani ilikuwa ya fito na udongo, na ukuta haukufika kwenye makuti. Mtoto akiwa upande huu, anamsikia bibi akikohoa upande ule, anamsikia baba akifunga mlango wa uani. Nyumba nzima ilikuwa inapumua pamoja. Nyumba mpya ni ya tofali, ina dari, ina milango ya mbao inayofunga sawasawa. Ukimlaza ukarudisha mlango, mtoto hasikii kitu. Akiamka saa nane za usiku kwenye giza, ukuta hauko pale alipouzoea, mlango haujui, na sauti ya mtu hakuna. Ataacha kupiga kelele?

Wengine hapo watasema nyumba haikuzindikwa. Haya, fanyeni kisomo, fukizeni ubani, sina ugomvi na hilo. Moshi uishe tu kabla mtoto hajaingizwa ndani. Lakini na mlango ondoeni kwanza. Tundikeni pazia. Wekeni taa ndogo ya sola, na koroboi isiingie kabisa chumba chenye chandarua. Na mkeka aliokuwa akilalia, ule wa ukindu uliokatika pembe, msiutupe kwa sababu ya aibu ya nyumba mpya. Utandikeni. Harufu yake anaijua.

Nimetaja chandarua. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa Tanzania ana chandarua chake mwenyewe. Mama alipewa kimoja kliniki alipoanza kuhudhuria akiwa mjamzito, na mtoto akapewa chake alipopelekwa chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Kiko wapi? Nimekiona kimezungushiwa mchicha. Nimekiona kimefunika dagaa. Wakati ananyonya hilo halikuonekana, maana alilala ndani ya chandarua cha mama. Siku anayohamishwa chumba, anahama bila chandarua, na anatoka kwenye kinga akiwa na umri uleule ambao malaria huua zaidi. Na kama nyumba yako bado haijawekwa dari, kuna uwazi kati ya ukuta na paa, na mbu hupita hapo. Kwa hiyo kabla ya rangi, kabla ya kabati, fungeni kamba nne kwenye kenchi au kwenye dari, chandarua kishuke, kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kama kamba nne hazijapatikana, chumba hakijawa tayari, na mtoto asihame.

Najua kuna picha zinazozunguka kwenye simu: kitanda cheupe chenye vizuizi, mtoto amelala peke yake, ukutani twiga na nyota. Ni nzuri. Ila kwetu mtoto akiachishwa ziwa alihamia kwa bibi, na sioni ujenzi wa kisasa umeleta sababu gani ya kuacha. Chumba ni cha mtoto, sawa, na bibi alale humo. Kama bibi hayupo, dada yake wa miaka kumi.

Ndiyo maana ukienda kwa fundi seremala, usikubali akuchongee kile kitanda kidogo cha vizuizi. Baada ya miaka miwili utakuta kimejazwa nguo chafu. Mwambie akupe cha futi tatu na nusu kwa sita, akate miguu iwe mifupi, mtoto akianguka asianguke mbali. Bibi atatosha, mjukuu atatosha, na chandarua cha kliniki kitafika hadi chini. Magunia ya korosho yatafutiwe pa kukaa, na salfa itolewe nje ya nyumba leo hii, mtafagia na kupiga deki mara mbili. Fundi wa wavu wa dirisha mlipeni wiki hii, hata kama sebule itabaki bila makochi hadi korosho ziuzwe.