Utengenezaji wa Benchi la Zege Lililopachikwa Vigae katika Mazingira ya Voi na Taita Taveta

1. Utangulizi

Mada hii inachunguza utengenezaji wa benchi la zege lililopambwa kwa vigae vya kauri, ambavyo mafundi wengi wa Kenya huviita taili. Hoja yake kuu ni kwamba katika mji wenye jua kali kama Voi, uimara wa pambo hutegemea zaidi maandalizi ya zege lililo chini yake kuliko ubora wa kigae chenyewe. Fani ya kupachika kauri katika ujenzi si ngeni Pwani, kwani kaburi la mnara la Mambrui, kaskazini mwa Malindi, lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika lipu ya chokaa, nayo mabaraza, yaani viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba, yamekuwa mahali pa mazungumzo katika miji ya Lamu na Mombasa kwa vizazi vingi.

2. Nyenzo

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, na uwiano uliozoeleka ni 1:2:4, yaani ndoo moja ya saruji kwa mbili za mchanga na nne za kokoto. Mchanga wa mto mara nyingine huja na udongo mwekundu, ambao huizuia saruji kushikana na chembe za mchanga. Kwa hiyo hutiwa katika chupa ya maji, hutikiswa na kuachwa utuame kwa saa chache, na tabaka la tope likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo huoshwa kwanza. Maji ya visima vyenye chumvi huepukwa, kwa sababu chumvi huzitia kutu nondo zilizo ndani ya zege, na nondo yenye kutu huvimba na kulipasua zege. Vipande vya vigae vinavyosalia baada ya kutandika sakafu hufaa zaidi kuliko vigae vya ukutani, ambavyo hufyonza maji mengi, na rangi nyeupe au hafifu hupendelewa kwa kuwa kigae cheusi juani hakikaliki.

3. Utaratibu

Bao la kukalia lenye urefu wa sentimita 150, upana wa 45 na unene wa 10 huwa na uzito wa kilo 160 hivi, kwa hiyo humiminwa peke yake katika fomu, yaani kalibu ya mbao, uso wake ukielekea chini. Ubao wa milimita 13 hupigiliwa katika kitako cha fomu ili uache kishimo kinachotosha kigae cha milimita 8 na gundi ya milimita 5. Kwa kuwa bao litageuzwa, wavu wa nondo huwekwa karibu na upande wa juu wa fomu, ukifunikwa na zege la milimita 25, maana upande huo ndio utakaokuwa chini ya benchi na ndio unaovutika watu wanapokaa.

Baada ya kumimina, bao hufunikwa kwa magunia ya mkonge, zao linalolimwa Mwatate, na kulowanishwa asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua 7, kwani saruji hukomaa kwa unyevu, na upepo mkavu wa Voi huunyang'anya mapema. Wundanyi, ambako kuna baridi na ukungu, zege huchelewa kukauka lakini pia huchelewa kupata nguvu, hivyo fomu hufunguliwa baadaye. Vigae hupachikwa baada ya siku 28, kwa sababu zege hunywea likikauka ilhali kigae hakinywei, na kikiwahishwa hubanduka. Baina ya kigae na kigae huachwa nafasi ya milimita 3, inayojazwa grauti, yaani uji mzito wa saruji unaozuia maji kupenya.

4. Hitimisho

Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi vya kaunti viifanye kazi hii kuwa zoezi la wanafunzi, na mabenchi yanayotengenezwa yapelekwe katika zahanati, shule na vituo vya matatu ambako wananchi husubiri wakiwa wamesimama. Anayeagiza benchi la aina hii naye hana budi kumpa fundi siku 28 kamili kabla ya kudai pambo.