Majitaka ni Suala la Ulinzi



Tarehe 15 Mei 2014, miezi mitano tu tangu mapigano yalipozuka mjini Juba, serikali ya Sudan Kusini ilitangaza kwamba kipindupindu kimeingia katika mji mkuu huo. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya watu 6,000 walikuwa wameugua nchini, na zaidi ya 100 wamekufa. Ugonjwa ukarudi Juba mwaka 2015. Ukazuka tena mwaka 2016, na haukutangazwa kwisha mpaka Februari 2018, baada ya kuwashika watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 400. Oktoba 2024 ulitangazwa tena, safari hii ukianzia Renk kaskazini, na Juba haikusalimika.

Adui huyu njia yake inajulikana. Juba imejengwa ukingoni mwa Bahr el Jebel, na watu wake wengi hutumia vyoo vya shimo. Mtandao wa mabomba ya majitaka unaoufikia mji mzima haupo. Uchafu wa mashimoni huchukuliwa na magari ya kunyonya hadi mabwawa ya Roton, nje ya mji upande wa magharibi. Asiye na fedha ya gari huliacha shimo lifurike. Mvua zikija, vile vijito ambavyo wenyeji huviita khor huzoa yote na kuyatia mtoni, na mtoni humo humo ndimo magari ya matangi huteka maji ya kuwauzia wananchi.

Wapo wasemao kwamba hayo ni mambo ya manispaa, hayamhusu mwenye bunduki. Hao hawajasoma historia ya majeshi. Katika vita vya Krimea, wagonjwa na majeruhi wa Uingereza walilazwa katika kambi ya Scutari, juu ya mifereji ya majitaka iliyoziba. Februari 1855 walikuwa wakifa zaidi ya 40 katika kila 100, wengi wao kwa maradhi wala si kwa risasi. Machi ikafika tume ya afya, mifereji ikazibuliwa, mizoga ikaondolewa. Ilipofika Juni walikufa kama wawili katika 100. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katika miezi hiyo.

Mwaka 1858 Bunge la nchi hiyo, likikerwa na uvundo wa mto Thames, liliidhinisha mkopo wa pauni milioni 3 ili majitaka ya London yahamishwe, yasimwagike tena katikati ya mji. Kipindupindu cha 1866 kiliikaba mitaa ya mashariki, ambako kazi ilikuwa haijakamilika.

Basi suala ni fedha. Kila mlipuko una gharama zake za mahema, dripu na chanjo, nyingi zikilipwa na wageni. Na zikiisha, haliachwi hata bomba moja ardhini. Bomba ni ghali, hatubishi. Lakini bajeti yaweza kuanzia penye msongamano: makambi, magereza, hospitali na shule, njia ya majitaka ikiepushwa na khor. Dereva amwagaye mzigo porini ili kuokoa mafuta akamatwe. Na kila mkuu wa kambi aandike katika taarifa yake ni lini shimo lilinyonywa mara ya mwisho, na uchafu ulipelekwa wapi.