Hesabu Pumzi Kwanza: Korona za Kawaida na Vifua vya Watoto wa Emali

Wenzangu wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi, na wazee wa vijiji mliofika:

Tangu Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19, mzazi akisikia korona anawaza karantini na mazishi. Ndiyo maana wapo akina mama wanaoficha kikohozi cha mtoto. Wapo pia wanaokimbilia chemisti kabla ya kuja kwetu. Naomba leo tuwaondolee hofu isiyo na kazi, tuwaachie ile yenye kazi.

Virusi vinne vya ukoo wa korona vinazunguka kati yetu miaka yote. 229E na OC43 vilitambuliwa miaka ya 1960. NL63 kilitangazwa mwaka 2004, baada ya kupatikana Uholanzi kwa mtoto wa miezi saba aliyeugua mapafu. HKU1 kikafuata mwaka 2005, kutoka Hong Kong. Watoto wengi huvipata wakiwa wadogo, na kwa kawaida huishia kwenye mafua na kikohozi cha siku chache. Wachache ndio virusi huwashukia hadi kwenye vijitawi vya mapafu. NL63 nacho kina tabia ya kuvimbisha koo la sauti, mtoto akakohoa kama mbwa anayebweka.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walipima watoto 5,573 waliolazwa kwa nimonia, wakakipata NL63 kwa 75 tu, yaani asilimia 1.3. Vijijini huko huko waligundua kwamba mtu huweza kuambukizwa kirusi hicho, akapona, kisha akaambukizwa tena muda mfupi baadaye. Uchunguzi mkubwa wa nimonia ya watoto uitwao PERCH, uliofanyika katika nchi saba, Kenya ikiwemo kupitia Kilifi, na kuchapishwa 2019, uliongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Korona za kawaida zilipatikana puani mwa watoto wagonjwa na puani mwa watoto wazima vilevile. Kirusi kilichoongoza kwa nimonia kali kilikuwa RSV, karibu thuluthi moja ya wagonjwa.

Kwa hiyo hata tungekuwa na maabara hapa Emali, jina la kirusi lisingetuambia ni mtoto gani wa kupelekwa hospitali usiku huu. Pumzi zake ndizo zinazosema.

Kuhesabu pumzi ni kazi inayodharauliwa, nami naumia nikiona inafanywa kwa haraka. Mtoto awe ametulia mapajani mwa mama, asiwe analia wala kunyonya. Fulana ipandishwe hadi tumbo na mbavu zionekane. Weka saa ya simu, uhesabu dakika nzima, si nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu mtoto mchanga hupumua kwa vipindi. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari na hatumtibu nyumbani. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, pale panabonyea ndani? Pakibonyea, aende kituoni siku hiyo hiyo. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo haangojwi.

Mji wetu uko njia panda. Barabara ya Mombasa inapita hapa, ya Oloitokitok inachepuka hapa, na malori na mabasi hulala hapa. Mafua ya Nairobi au ya pwani hayachukui muda kutufikia, na hatuwezi kufunga barabara. Lakini moshi wa jikoni, unaoumiza vifua hivyo hivyo, tunaweza kuupunguza. Mama anapika kwa kuni jikoni pasipo dirisha, mtoto yuko mgongoni, uso karibu na moshi, asubuhi na jioni. Kapu la nguo nje ya mlango, au mikono ya nyanya, ni mahali pazuri zaidi kwa mtoto huyo hadi chakula kiive.

Kuhusu dawa nitasema wazi. Antibiotiki haiui kirusi. Mtoto anayepumua vizuri anahitaji maziwa ya mama mara nyingi zaidi, pua iliyosafishwa, na dawa ya homa akiwa na joto. Amoksilini ni ya yule aliyethibitishwa kuwa na nimonia, tena ameze hadi dozi iishe. Nusu chupa iliyobaki kwa jirani si tiba.

Chanjo ndiyo inayosahaulika tunapozungumzia virusi. Kule Soweto, Afrika Kusini, watoto karibu 40,000 walishiriki jaribio la chanjo ya nimokoka. Chanjo hiyo ni ya bakteria, lakini kwa waliochanjwa, kulazwa kwa nimonia zinazohusishwa na virusi kulipungua kwa karibu asilimia 31. Ina maana kirusi hufungua mlango na bakteria akaingia. Kenya tunaitoa chanjo hiyo tangu 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mkipita nyumbani, ombeni kile kijitabu cha kliniki, mwangalie kama sindano zote tatu zimeandikwa.

Ombi langu kwa wasimamizi waliopo ni moja. Kabla ya mvua za Novemba, kila zahanati inayopokea wagonjwa kutoka Emali iwe na mashine ya kupima oksijeni yenye kibanio cha ukubwa wa kidole cha mtoto, na betri zake. Kile cha mtu mzima huchomoka kidoleni, kikatoa namba ya uongo. Na aliye chini ya asilimia 90 apate oksijeni pale pale, huku gari la kumpeleka hospitali likitafutwa.