Mzazi Asiuze Shamba Kwanza



Mzazi mwenye kijana anayetaka uzamivu wa saikolojia Marekani, asikimbilie kuuza shamba la migomba. Kule programu nyingi za PhD humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho, naye hufundisha au humsaidia profesa utafiti. Hata mgeni hupokelewa, na mara nyingi shahada ya kwanza nzuri hutosha. Ila iko nyingine iitwayo PsyD. Hiyo kwa kawaida unajilipia. Msichanganye.

Kijana asitafute jina la chuo, atafute mtu. Asome tafiti za profesa, amwandikie kwa ufupi, amuulize kama mwaka huu anapokea mwanafunzi. Maombi mengi hufungwa Desemba, kwa hiyo barua hizo ziende Septemba.

Wetu hukwama mlangoni tu: ada ya maombi ya kila chuo (vingine husamehe ukiomba, na vijana wanaona haya kuomba!) na mtihani wa TOEFL. Naomba sehemu ya michango ya leo iende huko. Mimi nalipia mitihani ya vijana wawili.