Majina Yaliyoachwa Nje ya Kitabu

(Hotuba juu ya kazi ya Chama cha Historia, iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa siku ya kukutana)



Nimeombwa nizungumze juu ya Chama cha Historia cha shule yetu, mihadhara yake na safari zake. Nashukuru kwa heshima hiyo. Mwenyekiti amenidokeza kwamba wapo wanaouliza kama chama hiki kina haja ya kuendelea, maana nauli imepanda na vijana wengi wanakimbilia masomo yatakayowapatia ajira. Swali hilo ni la haki, wala si la kukasirikia. Nitalijibu kwa kuwapitisha mahali patano ambapo chama kimezoea kwenda, pote karibu na Tanga yetu hii, kisha nitaeleza kazi iliyobaki na kwa nini haiwezi kungoja.

Kwanza niwaeleze wageni jinsi mambo yalivyokuwa yakiendeshwa zama zetu. Alhamisi jioni kulikuwa na mhadhara. Jumamosi tulikwenda kupaona mahali palipozungumzwa. Jumanne iliyofuata mmoja wetu alisoma taarifa mbele ya wenzake, na kila mtu alikuwa na ruhusa ya kumpinga. Mwalimu wetu aliweka sharti moja: kila aliyetaka kwenda aonyeshe swali lake limeandikwa kwenye daftari. Asiye na swali alibaki shuleni kufagia. Ndiyo maana safari zile hazikuwa matembezi ya kula maandazi, ingawa maandazi nayo hayakukosekana.

Mahali pa kwanza ni mapango ya Amboni, mwendo wa kilomita nane hivi kutoka mjini, ambao tuliumaliza kwa baiskeli. Wote mmesikia hadithi ya mbwa aliyeingia mapangoni akatokea upande wa Kilimanjaro. Mmesikia pia habari za Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, waliosakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, na ambao husemekana walijificha humo. Mtu mmoja atakwambia walikuwa wapigania uhuru, mwingine atakwambia walikuwa wanyang'anyi, na wa tatu atasema waliwanyang'anya matajiri wakawagawia maskini. Hapo ndipo tulipojifunza somo la kwanza la historia, yaani kupima maneno. Uchunguzi uliofanywa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango lililo refu kuliko yote lina urefu wa mita 900 hivi, na kutoka Amboni hadi Kilimanjaro ni mamia ya kilomita. Basi habari ya mbwa ni hadithi. Lakini hatukufundishwa kuicheka. Tuliulizwa: kwa nini watu wameitunza? Na wale wanaoingia mapangoni na ubani kuomba watoto, wanajua nini juu ya mahali hapa ambacho mpima mapango hakukiandika? Kijana anayeweza kuyatofautisha maswali hayo mawili bila ya kumdharau mtu amekwisha kupata elimu.

Mahali pa pili ni Tongoni, kusini mwa mji, kwenye barabara ya Pangani. Jina lenyewe linajieleza, kwani tongo ni mahali palipohamwa. Pale pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya arobaini, mengi yakiwa ya karne ya 15 au karibu na hapo, na baadhi yake yalijengewa nguzo za mawe na chokaa. Ukitazama vizuri utaona vishimo vya mviringo ambamo wajenzi walipachika bakuli zilizotoka ng'ambo. Bakuli zimekwisha kung'olewa, na nguzo nyingi zimeanguka.

Sasa tazameni ajabu hii. Mwaka 1498 jahazi moja la Vasco da Gama, jina lake São Rafael, lilikwama kwenye mwamba karibu na ufuko huu, penye mji ambao Wareno waliuita kwa jina la Mtangata. Mwezi wa Januari 1499, walipokuwa wakirudi kutoka India, mabaharia walikuwa wamepungua mno kwa maradhi, wakaliteketeza jahazi hilo hapa hapa kwa kuwa hawakuwa na watu wa kuliendesha. Jina la jahazi tunalo. Mwezi lilipochomwa tunaujua. Lakini wenyeji waliojenga nguzo zile na kulala chini yake, sisi tuliozaliwa hapa hatuwezi kuwataja kwa majina. Mgeni alikuwa na mwandishi ndani ya chombo, na maandishi yake yakatunzwa.

Mahali pa tatu ni Raskazone, tunapokwenda jioni kupunga upepo. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika hapa na askari wapatao 8,000 waliotoka India, chini ya Jenerali Aitken. Upande wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Mapigano makubwa yalikuwa tarehe 4, na siku ya pili yake Waingereza walirudi melini wakaacha silaha nyingi ufukweni. Kila mtoto wa Tanga anajua habari ya nyuki waliovamia majeshi. Waingereza wengine walisadiki kwamba Wajerumani waliwatega nyuki wale makusudi, kumbe ilikuwa mizinga tu iliyotikiswa na risasi. Mji haukuingia mikononi mwa Waingereza mpaka Julai 1916.

Hizo ndizo habari za majenerali, nazo zimo vitabuni. Chama chetu kilizoea kuuliza swali jingine: nani alibeba mizigo? Katika vita ile, pande zote mbili zilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, kwa kuwa malori yalikuwa machache na ndorobo waliwaua wanyama wa kubeba. Watu waliochukuliwa na Waingereza peke yao walikuwa mamia ya maelfu, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000. Kumbukumbu moja ya watu hao ni jina la Kariakoo kule Dar es Salaam, ambalo asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya vita ile, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja na zaidi imepita ndipo neno hilo likasemwa. Nawauliza ndugu zangu wa Muheza, Handeni na Lushoto: katika ukoo wenu hakuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo asirudi? Nasadiki yupo. Na kama jina lake bado linatajwa nyumbani, basi linatajwa na mtu mmoja au wawili, nao ni wazee.

Mahali pa nne ni mashamba ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliagizwa 1,000, ikafika Tanga ikiwa hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoenea Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko, hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa zaidi ya tani 230,000 na kushika nafasi ya kwanza duniani. Na kazi hiyo ilifanywa na nani? Watu waliandikishwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na Mbeya, na wengine kutoka Msumbiji, Rwanda na Burundi. Waliitwa manamba. Neno hilo limetokana na namba, kwa maana mtu alipoandikishwa alipewa namba, akafanya kazi kwa kipande mpaka siku 30 zitimie ndipo alipwe. Idadi ya miche tunaijua, na aliyeileta tunamjua kwa jina lake na la ukoo wake. Waliokata majani yake tumebakiwa na namba.

Ndugu Mwenyekiti, mimi ni mtumishi wa serikali, na shughuli zangu ni za majalada. Nimepokea watu zaidi ya mmoja waliokuja kutafuta habari za marehemu baba yao aliyefanya kazi shambani. Mkononi wana jina moja tu, tena la utani, na jina la kambi ambayo siku hizi imekuwa pori. Wanataka kujua kwao ni wapi, ili wampeleke mtoto akawaone ndugu. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba historia ni somo la anasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na watu vilevile.

Mahali pa tano ni Machui, katika kijiji cha Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Napenda vijana waende huko kwa sababu moja wasiyoitazamia. Mtu huyu hakuwa tajiri wala mtawala. Alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akahamishwa huku na huko kama tunavyohamishwa sisi, na maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya ofisini. Lakini aliandika. Mbali na mashairi na hadithi, aliandika habari za maisha yake mwenyewe. Makarani wangapi waliingia forodhani mwaka ule mmoja na yeye? Walioa, walizaa, walifiwa, walipata taabu kama zake. Yeye tunamjua, wao hatuwajui, kwa sababu yeye alishika kalamu.

Sasa nije kwenye jibu la swali lililoulizwa. Kama kazi ya Chama cha Historia ni kutazama magofu na kurudi, basi kweli nauli ni hasara na kifungwe. Lakini kama kazi yake ni kuyatafuta majina yaliyoachwa nje ya kitabu, basi huu si wakati wa kukifunga. Fanyeni hesabu nyepesi. Kijana aliyeingia shambani mwaka 1960 akiwa na miaka 20 alizaliwa mwaka 1940. Leo amepita miaka 80. Tongoni hatutawauliza tena waliolala pale, tumechelewa kwa karne nyingi. Wapagazi wa 1914 tumewakosa wenyewe, tumebakiwa na wajukuu. Manamba wa mwisho bado wanaota jua vibarazani mwao, na hawatatungoja.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza, chama kiendelee, na kwa mwaka huu kiwe na kazi moja tu: kwenda katika makambi ya zamani ya mkonge na kuandika habari za wazee ishirini. Kila mzee aulizwe jina lake kamili, la baba na la babu yake, alikotoka, njia aliyopita, kazi aliyofanya, na majina ya wenzake anaowakumbuka. Aulizwe pia kama yu radhi kuandikwa, na akikataa aachwe kwa heshima. Mwalimu anaweza kunasa sauti kwa simu yake, lakini daftari lisiachwe.

La pili, tulichoandikiwa tusikifiche. Nakala moja ibaki maktaba ya shule, ya pili apewe mzee mwenyewe na jamaa zake, na ya tatu ipelekwe kwenye makumbusho yaliyomo katika Boma la zamani hapa mjini. Si adabu kumwendea mzee, kunywa chai yake, kuchukua maneno yake, kisha asikuone tena.

La tatu linatuhusu sisi wenye mishahara. Kinachotakiwa ni nauli, madaftari, na sukari kidogo na majani ya chai ya kumpelekea mwenyeji, maana mgeni haingii kwa mzee mikono mitupu. Mimi naanza kwa kulipa gharama za safari ya kwanza, na kitabu cha michango kiko mezani kwa Katibu. Kama tuliweza kununua vikombe vya mpira wa miguu, na hili tunaliweza.

Nanyi vijana, neno langu la mwisho ni kazi ya nyumbani, wala msingoje chama. Mkifunga shule, kaeni na bibi au babu, mwandike majina ya watu wenu kwenda nyuma hadi atakapokwama. Mahali alipokwama pigeni mstari, mwandike tarehe. Mkirudi, mleteeni mwalimu wa historia karatasi hiyo. Mwalimu, naomba usiwape maksi. Waulize tu mstari uko wapi.