Ufunguo wa Pili: Mhadhara wa Umma, Nyanza-Lac, Burundi



Mzazi wa hapa anayempeleka mtoto shule ya bweni hununua sanduku la bati na kufuli. Kufuli huja na funguo mbili. Mmoja mtoto huuvaa shingoni kwa uzi. Wa pili hubaki nyumbani, pengine ndani ya kopo la chumvi, ili wa kwanza ukipotea lisivunjwe sanduku. Leo nataka kuzungumzia hofu ya yule aliyebaki na ufunguo wa pili.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, waasi wenye silaha waliingia seminari ndogo ya Buta, Bururi, huko milimani juu ya Rumonge. Waliwakuta wanafunzi mabwenini, wakawaamuru wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakapigwa risasi na kurushiwa maguruneti, wakafa 40. Mkuu wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, alinusurika, na baadaye akaandika kitabu juu yao.

Kwetu kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, na ni cha ushujaa kweli. Lakini mimi ni mzazi, mniwie radhi nikisema jambo lisilosemwa madhabahuni. Kila nikifika penye ile amri, moyo wangu humnong'oneza mtoto: jitenge, mwanangu. Nenda upande wowote utakaokurudisha nyumbani. Kisha naona haya, maana upande wa pili wamebaki watoto wa wenzangu. Hofu ya mzazi ina uchoyo, nasi tungewasamehe vijana wale kama wangetusikiliza. Hawakutusikiliza.

Na wazazi wao hawakuwa wageni wa hofu hii. Uasi wa tarehe 29 Aprili 1972 ulizuka pwani hii hii ya ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, na Watutsi wakauawa. Kisasi cha serikali kilichofuata kiliwatafuta Wahutu waliosoma, hata wanafunzi wakatolewa shuleni kwa orodha za majina, wasirudi. Maelfu walikimbilia Tanzania; mpo nyie mliozaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, hamhitaji kuhadithiwa. Baada ya hapo zilikuwapo nyumba za Wahutu ambazo mtoto akifaulu mtihani, mama hakupiga vigelegele. Kalamu ilikuwa imeshaua mjomba. Kutoka siku uasi ulipozuka hadi Buta ni miaka 25 na siku moja.

Amri ya Buta ilitolewa tena Kenya, kwa jina jingine. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, wauaji wa Al-Shabaab waliwatenga Wakristo na Waislamu. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Wapo waliopiga simu nyumbani wakiwa mafichoni. Familia zilikusanyika uwanja wa Nyayo, Nairobi, na miili ilipelekwa chumba cha maiti cha Chiromo kutambuliwa. Mwaka 1997 mzazi wa huku alikaa na redio. Wa Garissa alikaa na simu mkononi, akiogopa kuipiga isije ikalia pale mtoto alipojificha. Msiniambie simu imepunguza hofu.

Siwezi kuwafundisha kutoogopa, wala sitajaribu. Nina ombi moja tu kwa wakuu wa shule mliokaa mbele. Katika nchi hii majina ya wanafunzi yaliwahi kuandikwa ili wachukuliwe. Daftari lenu leo lina jina la mtoto, la baba na la mama. Ongezeni namba za simu, mbili kama zipo, na ya jirani kwa asiye na simu. Nakala moja iwekwe nje ya shule, kwa mtu mnayemwamini. Siku ya balaa, Mungu aiepushe, mtupigie ninyi kabla redio haijasema, hata kama mnachojua ni kidogo.